Barua ya wazi kwa vijana mnaokaribia kutoka soba

Wanangu,

Salaam nyingi. Barua hii ni yenu mlio ndani ya nyumba za nafuu za kuacha unga, yaani heroini, hizi tunazoziita soba, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na kwingineko, ambao mmebakiza wiki chache mtoke. Walioko maskani, kwenye vijiwe vya unga, bado wana watu wa kuwafuata. Nyinyi kila mtu anawaona mmeshapona. Mmenenepa, mmenyoa, mama anapiga simu analia kwa furaha, na hakuna anayeuliza usiku ule wa kwanza mtalala wapi.

Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, mnaijua. Miayo, machozi na kamasi zinaanza saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete (pakiti ndogo ya unga) ya mwisho, siku ya pili na ya tatu tumbo linakata na miguu inajirusha yenyewe, na ikifika wiki au siku kumi mwili unatulia, usingizi tu ndio unaendelea kugoma. Wengi huhesabu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa sehemu fupi, na mliipita mkiwa mmezungukwa na watu, uji unaletwa, maji ya chumvi na sukari yanakorogwa. Sehemu ndefu inaanza getini.

Nianze na lile linaloua. Miezi mliyokaa ndani, mwili umesahau unga. Kete ambayo mwaka jana ilikuwa haikutoshi hata kukutoa arosto, leo inaweza kukuzima pumzi ukiwa umekaa umeegemea ukuta. Ndivyo wanavyokufa wanaotoka jela na wanaotoka soba, hasa wiki mbili za mwanzo, na mara nyingi kwa neno moja: "kidogo tu, ya kuaga." Hata nusu ya kipimo cha zamani si kinga. Unga wa mtaani umechanganywa na mtu usiyemjua, na kete ya leo si ya jana hata kama pusha anayekuuzia ni yuleyule. Ukichanganya na pombe au vidonge vya Valiamu hatari inazidi, kwa sababu vyote vitatu vinafanya kazi moja ya kulaza pumzi.

Mkimkuta mwenzenu amezima, midomo imekuwa ya buluu au ya kijivu, anakoroma kama anayebanwa koo, msimmwagie ndoo ya maji, msimnyweshe maziwa, msimchome maji ya chumvi. Muiteni kwa nguvu, msugueni mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, mtu mmoja akatafute bajaji au bodaboda ya hospitali. Anayebaki amlaze chali, ainue kidevu, abane pua, ampulizie pumzi moja mdomoni kila baada ya sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu ili matapishi yasimrudie kooni. Hospitali wana naloksoni, sindano inayoondoa unga kwenye ubongo kwa dakika chache. Akiamka atakuwa na hasira na arosto, atataka kuondoka. Mzuieni. Naloksoni huisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, unga bado umo, na anaweza kuzima tena njiani.

Sasa methadoni, dawa ya kunywa kliniki kila siku inayozuia arosto, maana najua ndani ya soba mnasikia maneno. Kabla ya Februari 2011, Muhimbili ilipofungua kliniki yake, aliyetaka kuacha unga hapa Dar alikuwa na njia moja tu, kujifungia na kuvumilia. Baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke, na Unguja wakapata yao Kidongo Chekundu mwaka 2015. Wapo wasimamizi wa soba waliopona kwa kuvumilia ambao hadi leo wanaiita methadoni unga wa serikali. Waheshimuni, wamewalea, lakini katika hili msiwafuate. Aliyekaa miezi bila kitu hana haja ya kuikimbilia kwa hofu tu. Ila aliyetoka soba mara mbili au tatu na kila mara akarudi maskani, tatizo lake si ukosefu wa moyo. Aende kwenye asasi inayofanya kazi mtaani kwake, wamwandikie rufaa, wampeleke kliniki.

Huko watapima mkojo, virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, kisha wataanza na dozi ndogo, miligramu 15 hadi 30. Hapo ndipo watu wanapokosea. Siku ya kwanza na ya pili dawa "haishiki", kijana anaona anachezewa, jioni anaongeza kete juu yake. Kumbe methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Ya Jumatano inaikuta ya Jumanne na ya Jumatatu bado zipo, zinajilundika. Kwa hiyo kete ya siku ya tatu au ya nne inaingia juu ya mlundikano, na mtu analala haamki. Daktari anapandisha polepole kwa sababu hiyo, wala hakubanii. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Utainywa mbele ya mfamasia, utakunywa maji juu yake, utaongea kidogo waone umemeza. Usiku piga mswaki, maana dawa inakausha mate na meno yanaoza. Kunywa maji na kula mboga na mapapai, choo kitakuwa kigumu.

Ukikosa siku moja, rudi kesho yake. Ukikosa siku tatu au zaidi, sema ukweli dirishani, kwa sababu dozi ya zamani nayo imeshakuwa kubwa kwako. Na ukianza dawa za kifua kikuu, waambie kliniki zote mbili siku hiyohiyo. Rifampisini inaifukuza methadoni mwilini, na baada ya wiki moja au mbili arosto inarudi bila wewe kukosa dozi hata moja. Vijana wengi hapo huacha dawa za TB, wengine hurudia unga, ilhali kilichotakiwa ni kuongezewa miligramu kadhaa. Baadhi ya dawa za ARV, efavirenzi kwa mfano, hufanya hivyohivyo. Anayepewa ya kubeba nyumbani aifungie kwa kufuli. Kikombe chako kinamuua mtoto.

Wadada mlio wajawazito, wachache mnaofikiwa na barua hii maana soba nyingi ni za wanaume: msikate unga ghafla kwa kuwa mmeambiwa mtoto ataathirika. Arosto ya ghafla inaweza kuharibu mimba. Methadoni ni salama zaidi kuliko kukata ghafla, mtaje kliniki ya wajawazito kwamba mnaitumia, na mkijifungua mtoto aangaliwe hospitalini siku kadhaa. Anaweza kutetemeka na kulia sana, na hilo lina tiba.

Tuje kwenye pa kulala, ambako ndiko barua hii inaelekea. Mtu hawezi kuacha unga huku analala barazani pa watu wanaovuta. Chumba Dar es Salaam hakipatikani kwa kodi ya mwezi. Mwenye nyumba anataka mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anataka wa kwake. Chumba cha shilingi 50,000 kwa hiyo ni angalau 200,000 kabla hujanunua ndoo, godoro na jiko. Pesa hiyo haipatikani wiki ya mwisho. Iombeni asasi inayowalea iwafungulie daftari la akiba mapema, wakati mnaanza vibarua vya bustani na usafi, msishike wenyewe. Wawili au watatu wakichangia chumba ni sawa, kwa sharti kwamba angalau mmoja ametoka muda mrefu kabla yenu. Wote mliotoka mwezi mmoja mkikaa pamoja, akianguka mmoja mtaanguka nyote, na wa kuchemsha chai asubuhi hatakuwepo.

Halafu karatasi. Bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini huna pesa ya simu. Anzeni mkiwa bado ndani: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kama kilipotea, na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hamjui mtu aliyekuwa akilala stendi, kwa hiyo mtu wa asasi aende na wewe, ajitambulishe, aeleze unaishi nyumba gani. Mkienda peke yenu mtaambiwa mje kesho hadi mchoke.

Laini naitaja kwa sababu ya saa kumi na mbili jioni. Kibarua kinalipa jioni, taslimu, mkononi, na mkono huo kwa miaka mingi ulijua njia moja tu. Saidia fundi, kuosha vyombo kwa mama ntilie, bustani, vyote ni vizuri, lakini ongeeni na anayewalipa awatumie kwenye simu, ikiwezekana kwa wiki. Miezi mitatu ya mwanzo namba ya siri aijue pia mtu mnayemwamini. Kazi ya chupa na vyuma chakavu siipendi kwenu. Inaonekana haina masharti, huhitaji cheti, huhitaji shati safi. Lakini angalieni mizani ya skrepa iko wapi: hatua chache kutoka maskani, na pusha anajua saa mnayopimiwa. Maeneo mengi ya kuoshea magari ni hivyohivyo.

Nyumbani msikimbilie. Najua mama ameita. Ila ndugu zako bado wanakumbuka pasi, simu, mtungi wa gesi uliokwenda, na wakikaa na wewe watahesabu vijiko. Wewe utaona hawakuamini, utakasirika, na hasira hiyo ni njia fupi ya kurudi. Nendeni mara ya kwanza mchana, na mtu wa asasi, mkae saa mbili, mle, mwondoke. Msilale, msiombe pesa, msipokee funguo hata wakiwapa. Kama kuna deni, usiahidi kulilipa lote. Peleka elfu tano, mwezi ujao elfu tano nyingine. Atakayekasirika kwamba ni kidogo, mwache akasirike.

Wale wa gongo na wale mnaofikiri kubadilisha unga kwa pombe ni nafuu: aliyekunywa kila siku kwa miezi akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili na kuchanganyikiwa siku ya tatu. Hiyo inaua kuliko arosto ya unga. Aende hospitali, asifungiwe chumbani.

Na mkianguka, maana baadhi yenu mtaanguka, tofauti ni nani anajua na lini. Aliyetumia Ijumaa akasema Jumamosi hupoteza wiki. Aliyeficha hadi viatu viuzwe hupoteza mwaka. Kabla ya siku ya kutoka, kila mmoja aandike namba tatu kwenye karatasi, si kwenye simu, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa: asasi, mwenzake aliyetoka zamani, na ndugu mmoja. Karatasi hiyo iingie kwenye mfuko wa plastiki, ishonewe ndani ya kiuno cha suruali. Sindano na uzi vipo kwa msimamizi, ombeni.

Mzee wenu