Zai, mto wa darasani kwako huu hapa

Shoga yangu Zai,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatunyoosha. Mama Nasra kaniambia umenuna, eti swali lako nimelilalia. Haya, jibu hilo, usiwamalizie wanafunzi hasira.

Uliomba mto wa Urusi wa kufundishia bonde la mto (eneo lote ambalo maji yake huishia mtoni), na najua moyoni ulitaka Volga. Achana na Volga! Chukua Yauza, huu unaopita hapa Moscow (watakuuliza yauza nini, jiandae). Una kilomita 48 tu, na bonde lake ni kama kilomita za mraba 450, mtoto anauchora wote kwenye ukurasa mmoja. Unaanzia kwenye vinamasi vya msitu wa Losiny Ostrov, unapita mji wa Mytishchi, kisha unateremka kusini katikati ya maghorofa, kingo zake zimejengewa mawe, hadi mto Moskva.

Utamu uko Mytishchi. Zamani wafanyabiashara walizitoa mashua Yauza wakaziburuta nchi kavu mpaka mto Klyazma, maana mwinuko unaoitenganisha mito hiyo ni mdogo. Na ushuru walitozwa papo hapo! Sasa, maji yanayoachana pale yanakuja kukutana tena: ya Yauza yanafuata Moskva, yanaingia mto Oka pale Kolomna, ya Klyazma yanazungukia mashariki, nayo yanaingia Oka hiyohiyo, huko chini zaidi. Oka inajimwaga Volga, Volga inaishia Kaspi, ziwa kubwa ambalo halina pa kutokea na liko karibu mita 29 chini ya usawa wa bahari. Waulize: tone la Yauza linafika lini bahari kuu? Wakikutajia siku, wape sifuri.

Ila ramani ya mtaani isikudanganye. Vijito kama Rybinka na Chernogryazka vimefukiwa kwenye mabomba, unatembea juu yake hujui. Halafu kuna kichekesho: tangu ule mfereji mkubwa wa Moscow ulipofunguliwa 1937, maji ya Volga yanavutwa hadi huku, na mengine yanaingizwa Yauza kupitia kijito Likhoborka ili mto usikauke. Yanazunguka kote huko na kurudi Volga. Kwa hiyo Volga yako umeipata, japo kwa mlango wa uani.

Na wewe, mto Msimbazi wa huko Dar unaendeleaje? Jangwani bado panafungwa mvua ikinyesha? Bado unatumia ile ramani iliyochanika pembe? Na hela ya mchezo, Bi Mwana kalipa au anazidi kukukwepa?

Wako,
Mwanaidi