Barua kwa dada yangu wa Mwanga, Kigoma: kwa nini sindano na si vidonge

Leicester, Uingereza

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini wewe, mama na watoto mu wazima. Mimi naendelea vizuri. Umeniuliza jambo ambalo hata shemeji yako hakulifikiria: ikiwa methotrexate ni dawa ileile ambayo wagonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki, kwa nini mimi, mimba ilipotunga kwenye mrija wa uzazi badala ya mfuko wa uzazi, nilichomwa sindano? Hilo ni swali la mtu anayeshinda dirishani kwenye duka la dawa, nami nitalijibu kwa urefu.

Dawa kweli ni moja. Huzuia seli zinazogawanyika kwa kasi zisitumie vitamini ya foliki, na seli za mimba changa ni za namna hiyo. Zikiikosa hukoma kukua, kisha mwili huzifyonza taratibu. Tofauti iko kwenye kipimo. Hapa hukokotoa miligramu 50 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, na kwangu ikafika miligramu 85. Kwa vidonge vya miligramu 2.5 unavyovijua, ningemeza 34 kwa mkupuo, na utumbo usingevipokea vyote, kwa sababu dozi ikivuka takriban miligramu 15 sehemu inayofyonzwa huzidi kupungua, tena kwa kiasi kinachotofautiana kati ya mtu na mtu. Na kama ningetapika, nani angejua mwilini kimebaki kiasi gani? Mrija unaoweza kupasuka si wa kubahatishia. Vidonge vimewahi kujaribiwa, lakini matibabu yaliyozoeleka na yenye ushahidi mwingi ni sindano ya msuli.

Hata hivyo, daktari hakuanza na kidonge wala sindano. Aliuliza kwanza kama nafaa kutibiwa kwa dawa au nipelekwe chumba cha upasuaji. Nilifaa kwa kuwa sikuwa na maumivu makali, mrija ulikuwa haujapasuka, ultrasaundi haikuonyesha mapigo ya moyo, homoni ya ujauzito ilikuwa chini, na damu, ini na figo vilikuwa sawa. Homoni hiyo hupimwa tena siku ya 4 na ya 7 tangu sindano. Yangu ilipanda siku ya 4, jambo la kawaida ambalo lilinitia hofu bure. Kinachotazamwa ni kushuka kwa asilimia 15 au zaidi kati ya siku hizo mbili, la sivyo huenda sindano ikarudiwa. Nimekatazwa ibuprofeni na vidonge vyovyote vyenye foliki, vikiwamo vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki.

Nawe, akija mteja kutaka misoprostoli huku akilalamika maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, usimpe. Dawa hiyo hubana mfuko wa uzazi, haiondoi mimba iliyo kwenye mrija, na damu itakayotoka itamdanganya kwamba mambo yamekwisha. Akisikia kizunguzungu, au maumivu ya ncha ya bega, huenda damu inavujia tumboni. Apelekwe hospitali ya Maweni saa hiyohiyo.

Mama akiuliza habari za mjukuu, mwambie tumetakiwa kusubiri angalau miezi 3. Mengine mweleze wewe ana kwa ana, maana kwa simu najua hatanisikiliza hadi mwisho.

Wasalimie wote.

Mdogo wako