Kwa mpwa wangu anayetaka kupaka makochi rangi Kibuye

Mpwa wangu,

Ujumbe wako umefika. Unataka nikukopeshe pesa za kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, na bunduki ya rangi, kwa kuwa umeona pale soko la Kibuye, Kisumu, wenye makochi yaliyochakaa ni wengi na wa kuyashughulikia ni wachache. Umeona vizuri. Sofa mpya ya ngozi si bei ya mtu wa kawaida, na ya zamani mara nyingi mbao zake bado ngumu. Mwenyewe akipata mtu wa kuiondolea mikwaruzo na kuirudishia rangi, atalipa. Pesa nitakupa. Lakini za kompresa si mwezi huu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza.

Acha nikueleze lililonipata mwaka wangu wa pili katika kazi hii. Mama mmoja wa hapa Nakuru, upande wa Milimani, aliniita niione sofa yake ya watu saba, rangi ya maziwa. Alikuwa ameifunika vitambaa vya kufuma, kama tunavyofunika sote. Alipovifunua nikaona imeanza kubambuka pale watu wanapoegemeza vichwa. Akasema, "Ni leza, fundi. Niliuziwa kama leza," yaani ngozi. Sikuuliza zaidi. Nilipiga msasa, nikajaza nyufa, nikapulizia kahawia. Siku ya kumaliza, majirani walikuja kuitazama.

Baada ya wiki saba akanipigia simu. Hakunifokea, aliniambia tu, "Njoo uone." Nilikuta rangi yangu imetoka mapande mapande, na kila pande nililoliokota lilikuwa limeng'ang'ania vizuri kabisa kile nilichokipaka. Kilichoachia kilikuwa chini yake. Watoto wake walikuwa wakitembea na vipande kwenye soksi. Nilimrudishia shilingi 14,000 zake zote, kwa awamu tatu, maana nilikuwa nimeshazitumia.

Sofa ile haikuwa ngozi. Ilikuwa kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki iitwayo poliyurethani, likachapwa vinyweleo ili lifanane na ngozi. Unyevu, joto na jasho hulivunja polepole kwa ndani, likaachana na kitambaa. Likishaanza hivyo hakuna rangi ya kulizuia, kwa sababu rangi unaipaka juu ya kitu ambacho chenyewe kinaondoka. Na wewe uko Kisumu, penye joto na mvuke wa ziwa mwaka mzima. Ipo pia aina nyingine, ya mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kuunganishwa kwa gundi, nayo huishia vilevile. Huku kwetu zote hizi tunaziita leza, na neno hilo moja ndilo lililonigharimu zile 14,000.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua umewekewa nini mbele yako. Fungua zipu ya mto wa kukalia, ugeuze ndani nje. Ngozi ya kweli kwa nyuma ina nyuzinyuzi laini kama ndani ya kiatu kizuri. Ukiona kitambaa kilichofumwa, umeshapata jibu. Pasipo na zipu, pindua sofa. Chini kuna kitambaa cheusi kilichopigwa pini. Ng'oa pini mbili tatu kwenye kona utaona ukingo wa kile kilichofunika sofa nzima. Iliyosagwa ukiikwangua kwa ukucha hutoka kama unga. Tena usikague sehemu moja ukaridhika. Viwanda vingi huweka ngozi pale tu mwili unapogusa, yaani makalio, mgongo na mikono, kisha ubavuni na nyuma wakaweka plastiki ya rangi ileile. Sofa moja, vitu viwili, na mwenye sofa hana habari.

Ukikuta ni plastiki inayobambuka, mwambie. Mwambie kabla hujapokea arubuni, na umwonyeshe kwa kidole. Mweleze kwamba dawa yake ni kuvua hicho kifuniko na kuivisha sofa upya, kazi ambayo wewe unaijua tangu ulipokuwa na yule seremala. Wapo watakaoenda kwa fundi mwingine atakayekubali kupaka. Waache waende. Najua kodi ya kibanda haisubiri, nami niliwahi kuona mtu akiondoka na kazi ya wiki nzima huku mfukoni sina kitu. Lakini yule mama wa Milimani ameniletea wateja kuliko mtu yeyote, na alianza kuwaleta baada ya mimi kumaliza kumlipa.

Ikiwa ni ngozi, hapo sasa tuna kazi, na ni kazi nzuri mno. Sehemu kubwa ni usafi. Pale kwenye vichwa mafuta ya nywele yamezama miaka mingi, na rangi haishiki juu ya mafuta. Futa kwa sabuni laini, kisha kwa spiriti, ubadilishe kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Msasa uwe mwembamba, namba 400 kisha 600, kwa mkono mwepesi. Palipochanika, ingiza kiraka cha kitambaa kwa chini, gundi, ndipo ujaze juu kidogo kidogo, kila safu ikikauka kwanza. Rangi iwe ya ngozi, ya maji, inayopindika. Usinunue rangi ya magari hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mtu akikaa mara kumi inapasuka kama tope la kiangazi. Na ukichanganya hadina, ile dawa ya kukaza rangi, kwenye safu ya mwisho, vaa glovu na barakoa halisi ya kemikali, milango wazi. Hilo sikubembelezi.

Kuchanganya rangi ndiko kutakula usiku wako. Kahawia nyingi unazipata kwa njano ya udongo, nyekundu ya udongo, nyeupe na nyeusi, na hiyo nyeusi uichukue kwa ncha ya kijiti, maana tone moja linaweza kuharibu kopo zima la rangi ya maziwa. Paka doa la ukubwa wa sarafu mahali pasipoonekana, ulikaushe kwa mashine ya nywele, ulitazame karibu na dirisha. Rangi mbichi si rangi kavu, na taa ya usiku inadanganya. Haya yote kwa sifongo unaweza kuyafanya. Kompresa itakuja.

Mwezi huu nitakutumia nauli, uje Nakuru wiki mbili. Nitakuwekea vipande vya ngozi kutoka kwa washona viatu, uviharibu utakavyo.

Sasa kuhusu kiti cha babu yako, kile cha Vihiga, ambacho unasema utaanza nacho ili ujifunze. Nilipokuja Desemba nilikidondoshea tone la maji kwa nyuma. Lilizama papo hapo na pakawa peusi, kisha pakarudi palipokauka. Maana yake rangi ya kiti hicho imeingia ndani ya ngozi yenyewe, hakina tabaka la rangi juu yake. Ukikipaka hii rangi yetu utafunika vinyweleo vyote, na zile alama mbili nyeusi kwenye mkono wa kiti, babu alipokuwa akishikilia akiinuka, zitapotea, wala mimi sijui kuzirudisha. Usikipeleke Kibuye. Kisogeze mbali na dirisha jua lisikichome, na umwambie nyanya yako asikipanguse tena kwa maji ya sabuni ya kufulia. Kitambaa kikavu kinatosha mpaka nije.

Mjomba wako,
Nakuru