Koti la plastiki halimfai msasi

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo niseme na vijana wanaotoka na wasasi kusaka nguruwe, maana masika ndo haya na huku kusini mihogo yetu ya maweni inachimbuliwa usiku, asubuhi unakuta shina limelazwa na majani bado mabichi, kwahiyo mvua si mvua watu lazma watoke.

Sasa kila masika naona vijana wanakuja na koti la mvua la plastiki, jinzi na gambuti. Jamani! Koti lile maji ya nje halipitishi kweli lakini na jasho halitoki, na mwezi wa nne huu hewa yenyewe imeshiba maji, mtu akikimbia kidogo tu nyuma ya mbwa anaroa chepechepe kwa ndani kuliko yule asovaa kitu. Tena kofia yake inaziba masikio, humsikii mbwa wala mwenzako mwenye mkuki anakuja upande gani, na hilo mie ndo linanitisha zaidi.

Mie nasema roa tu, mvua yetu si barafu, muhimu vaa kitu kinachokauka haraka. Jezi ya mpira ile ya polista ukiikamua ukaikung'uta inakauka mwilini mwenyewe huku unatembea, fulana ya pamba inashika maji, na jinzi ndo usiseme, inakuwa nzito inasugua mapaja mpaka mtu anatembea kachanua miguu. Tafuta suruali nyepesi pana ya mtumba, na mikono iwe mirefu kwa ajili ya miiba na mbu. Kabla hujatoka pakaa mafuta ya mgando mapajani na baina ya vidole vya miguu.

Miguu sasa. Gambuti likishaingia maji kwa juu hayana pa kutokea, na ndara kwenye mawe yale makali yaloroa utaanguka. Chukua raba za turubai za kufunga kamba, pasha msumari moto, toboa matundu mawili ubavuni kwa ndani juu kidogo ya soli, kila ukikanyaga maji yanaruka nje, mwenyewe utayaona. Wayo ukikaa majini masaa unakuwa mweupe, unajikunja, baadae unachubuka na fangasi wanapata pa kuingia, kwahiyo mkipumzika vua, futa, miguu ipigwe upepo, ndo uvae soksi nyengine.

Mifuko ya plastiki kwetu marufuku siku nyingi na ni jambo jema, basi osha ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, tia msuli, shati kavu, taulo, soksi na simu, iache pale mnapokutania. Baridi haimpati mtu akikimbia, inampata akisimama, jasho limekatika na upepo unapiga mgongo ulioroa, halafu anapanda pikipiki hivohivo mpaka nyumbani, usiku anatetemeka. Badilisha palepale! Na maji ya kunywa mchukue hata kama inanyesha, jasho linatoka tu.

Nawaomba wakubwa wa msako na masheha, kabla mbwa hawajafunguliwa waangalieni vijana walivovaa, alokuja na koti la plastiki na jinzi arudi akabadilishe, tutamsubiri.

Mkulima na msasi,
Muyuni, Unguja