Picha za HEIC zinawaangusha waombaji

Mhariri,

Waombaji wa kazi na mikopo hapa Tabora hukataliwa picha mtandaoni kwa sababu iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa faili uitwao HEIC, ilhali fomu inataka muundo mwingine, JPEG (.jpg). Kuandika .jpg mwishoni mwa jina hakusaidii. Data ya ndani inabaki ileile. Watumie tovuti inayobadilisha picha ndani ya kivinjari chenyewe. Kuipima ni rahisi: wafungue ukurasa, wazime intaneti, kisha wabadilishe picha. Ikigoma, huenda picha hupelekwa kwenye seva ya mtu asiyejulikana, na kitambulisho si cha kumkabidhi kila mtu! Wakati wa kubadilisha, ubora wa JPEG wa asilimia 85 hadi 90 unatosha. Nembo ya PNG (muundo mwingine wa picha) isiyo na mandharinyuma ijazwe nyeupe kwanza; JPEG haihifadhi uwazi, na mara nyingi sehemu hiyo hugeuka nyeusi.

Mafundi wa stesheneri,
Tabora mjini