Kwa shoga yangu wa Wete: mchezo wenu na tiketi

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata. Munataka kumtia mchekeshaji katikati ya mchezo wenu wa kuigiza wa talaka ili tiketi ziuzike. Musimtie hapo. Watu wakishashika kucheka hawanyamazi haraka. Mke akipewa talaka yake, ukumbi mzima utaangua kicheko. Mpeni dakika 10 za mwanzo, wachelewaji wakiendelea kuingia, kisha ashuke asipande tena. Jina lake kwenye tangazo litavuta watu vilevile.

Kabla ya kuugusa mchezo, pigeni hesabu. Tuseme ukumbi ni 150,000, spika na taa 120,000, waigizaji 12 kwa 10,000 kila mmoja za nauli na chakula, gari la matangazo 50,000, mafuta ya jenereta 40,000. Jumla 480,000. Kwa tiketi ya 3,000 munataka watu 160, na ukumbi una viti 200. Mvua moja tu, mumekula hasara. Viti 30 vya mbele viuzeni 10,000, vyengine vyote 2,000. Hapo watu 120, 30 wa mbele na 90 wa nyuma, wanarudisha gharama, na wale ambao mchezo unawahusu hasa wanaimudu bei. Tiketi za bure zisipite 10. Kila mwanakikundi ana mashemeji.

Siku nayo huuza kuliko kichekesho. Ramadhani na masika yaacheni. Msimu wa karafuu una mtego wake: pesa zinakuja, lakini usiku watu wako majumbani wanachambua. Subirini mavuno yapungue, mizigo iwe imeshafika ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu. Onyesho moja lianze saa 10 na robo alasiri, limalizike kabla ya Magharibi, ili wenye watoto wawahi gari za kurudi.

Taarabu ipigwe mwanzo au mwisho. Ikiwa katikati, kila anayekwenda kumtunza mwimbaji pesa anapita mbele ya jukwaa, na mchezo unapoa. Kubalianeni mapema tunza ni ya nani. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mfadhili mpeni bango na viti vya mbele. Akitaka mume atoke msafi mwisho wa mchezo, rudisheni pesa zake kabla hamujazigusa.

Hati ya mchezo ipelekeni BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, kabla ya kuchapisha tiketi. Tiketi zitiwe nambari, na anayeuza mlangoni asiwe yeye anayeshika sanduku.

Nisalimie wanakikundi wote.

Wasalaam,
Shogayo wa Unguja