Barua ya wazi kwa vijana wanaoshika daftari la ukoo

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimesikia mmepanga kuandika habari za ukoo kila sikukuu ya taifa: nani kaoa, nani kajifungua, nani tumemzika, na pembeni maneno machache kuhusu siku yenyewe. Ni vizuri, maana siku hizo watu wako nyumbani. Ila sikukuu ni nyingi na mtachoka. Shikeni tatu: 26 Aprili, 8 Agosti na 9 Desemba. Baina ya moja na nyingine hupita kama miezi minne.

Habari za mwaka huu ni kazi nyepesi. Tarehe kamili, mahali, jina la mtoto la kwenye cheti na lile analoitwa nyumbani, na aliyeleta habari. Neno "juzi" lisionekane humo.

Kazi nzito ni wazee. Mkimuuliza bibi alizaliwa mwaka gani, atawatajia ule wa kwenye kitambulisho, ambao huenda karani aliukadiria tu. Mkikuta ndugu watatu wote wamezaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, jueni hayo ni makadirio. Ulizeni kabla au baada. Mwalimu Nyerere alipofariki, 14 Oktoba 1999, mtoto huyu alikuwa anatembea? Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, 12 Aprili 1984, nani alikuwa mgongoni? Kisha mbaneni mtu katikati ya matukio mawili. Aliyekuwa bado tumboni majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 ameshazaliwa ila hajaanza kukaa, mmeshampata ndani ya miezi sita, bila cheti.

Mitego ipo. Tarehe 9 Desemba ni mbili: Uhuru wa Tanganyika 1961 na Jamhuri 1962. Mzee anayekumbuka ngoma na bendera hawezi kuwatenganishia mpaka mumuulize kama siku ile Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu au ndiyo anaapishwa kuwa Rais. Na mtu wa Unguja au Pemba akisema "Uhuru", huenda anasema 10 Desemba 1963, mwezi mmoja tu kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar. Msimsahihishe, mwulizeni uhuru upi. "Wakati wa vijiji", yaani watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nao hauna tarehe moja. Dodoma operesheni ilianza 1971, kwingine watu walihamishwa hadi 1976, kwa hiyo hilo ni jambo la kuuliza kijiji kwa kijiji.

Ramadhani inataka hesabu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo mfungo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya ukutani. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalitokea siku chache kabla ya mfungo kuanza. Basi aliyezaliwa "Ramadhani ya Mapinduzi" ni wa Januari au Februari 1964, hata kama kitambulisho kinasema Julai. Lakini 1965 mfungo ulianza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Hapo ulizeni kama Krismasi iliangukia ndani ya mfungo huo au ilikuwa imeshapita kabla haujaanza.

Linalowapotosha wengi zaidi ni usiku. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao ninyi mnauita Alhamisi usiku. Mapinduzi yenyewe yalianza usiku wa kuamkia Jumapili. Ulizeni hivi: saa sita usiku ilikuwa imeshapita, na kulikucha siku gani? Kama ilishapita, siku iliyokucha ndiyo tarehe ya kuandika; kama bado, andikeni ya siku iliyotangulia. Na saa iandikeni kama alivyoitaja, saa nane usiku ibaki saa nane usiku.

Katika daftari, maneno ya mzee yaandikwe kwa wino kama alivyoyasema, na jina lake na siku mliyomuuliza. Hesabu yenu ikae mstari wa chini, kwa penseli. Wazee wawili wakipingana, andikeni wote wawili. Na msiwaulize wakiwa pamoja, maana mdogo atamfuata mkubwa kwa heshima na mtabaki na shahidi mmoja mkidhani mnao wawili.

Leteni daftari 9 Desemba tulipitie, na penseli iwe imechongwa.

Babu yenu